Jumamosi na taa kumi na mbili

Saa 11:15 alfajiri

Kabla ya kuteka maji au kuwasha jiko nafungua mlango wa nyuma nihesabu. Jana jioni niliziacha taa kumi na mbili za sola za bustani uani, zimepangwa kwenye benchi na ukingo wa karo, ziwake zenyewe na zikeshe zenyewe. Zinawaka kumi na moja. Namba 9 imezima. Saa nane nilipoamka ilikuwa bado inawaka, kwa hiyo imekata pumzi katikati ya hapo na sasa.

Nimeandika kwenye daftari. Hili zoezi la kukesha, kwa kawaida sitoi taa mpaka ilipite, kwa sababu usiku wetu una tabia yake. Hapa Kigoma saa ya ukutani tunatumia moja na Dar es Salaam, ila jua linatufikia karibu dakika 40 baada yao. Mwezi huu wa Agosti linachomoza saa moja imeshapita. Taa ya bustani inayozima saa kumi inamwacha mtu wa alfajiri gizani kwa muda mrefu, na huyo ndiye anayeihitaji kuliko wote: anayekwenda kuswali, anayewahi gari, mama anayetoka kuchukua kuni.

Naishi eneo la Mwanga na kazi yangu ni mwanga. Watu wananitania kwa hilo kila siku, nami nalipenda.

Saa 1:10 asubuhi

Bodaboda hadi Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Siku za giza huwezi kuongea na mvuvi saa hizi, wote wako kwenye dagaa. Lakini jana mwezi ulikuwa karibu kujaa, na mbalamwezi ikitawala, taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwakusanya dagaa. Mitumbwi imepanda mchangani, watu wanashona nyavu. Ndiyo siku zangu za kununua.

Zamani hapa ilikuwa karabai na mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanatumia taa za LED na betri, na taa ya ziwani haizeeki vizuri. Inapigwa na mawimbi, inadondoshwa, maji yanaingia. Ikishagoma inatupwa kwenye kona ya banda. Ila mara nyingi kilichokufa ni waya ulioliwa na kutu au vitaa vichache kati ya vingi. Vilivyobaki vina miaka ndani yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Leo nina mzigo wako, hata sijaugusa."

Mzee ananimwagia kiroba mbele yangu. Nina seli ya betri mfukoni na nyaya mbili; nagusa kila sahani ya LED, kile kibao chenye vitaa vingi, inayowaka huku, isiyowaka kule. Sahani nane zimewaka zote, tatu nusunusu. Kuna kipande kirefu cha waya wa shaba, vioo viwili vya karabai visivyo na ufa, na mfuko wa plastiki ngumu za kufunikia. Tumeelewana bei bila kuvutana. Zile nusunusu pia nimechukua, kwa sababu kwa bustani sihitaji sahani nzima. Vitaa vitatu vinatosha taa moja.

Watu wengi hawaniamini hapo. Mteja akija anataka taa "kali". Namwambia, Mama, au Baba, bustani haitaki ukali. Ukiwasha taa kali kwenye ua unaona taa, huoni njia. Jicho likishazoea giza, vitaa vitatu vilivyoinamishwa chini vinakuonyesha jiwe, kidimbwi, mzizi wa mwembe, hata chura.

Saa 2:40 asubuhi

Benchini, na namba 9.

Nimeifungua. Mita inasoma volti 2.6 kwenye seli, na seli ya namna hii ikishuka chini ya 3 imekwisha kazi kwa usiku huo. Paneli nimeipima juani: nzima. Waya: nzima. Basi ni seli yenyewe, na kosa najua limetokea wapi.

Seli zangu zinatoka kwenye betri mbovu za kompyuta mpakato, nanunua kwa mafundi wa mjini. Betri moja kwa kawaida ina seli sita ndani, na ikisemwa imekufa, mara nyingi ni moja au mbili zilizowaangusha wenzao. Kila seli ni kama kidole kinene, milimita 18 kwa 65. Naipima kwanza. Iliyoshuka chini ya volti 2.5 siifufui, inakwenda kwenye ndoo ya mchanga. Iliyo juu ya hapo naichaji polepole huku nikiigusa kila mara. Ikipata joto, nayo mchangani. Ikifika 4.2 bila joto naiandika tarehe kwa kalamu ya wino na kuiweka rafuni wiki nzima bila kuigusa. Ikiteremka kidogo tu, ni nzima. Ikiporomoka yenyewe ikiwa imekaa, inavuja kwa ndani, haifai.

Seli ya namba 9 ina tarehe ya Jumatano. Nilikuwa na haraka, nikaipa siku mbili badala ya saba. Nimeitoa, nimeweka ya mwezi uliopita.

Na siku hizi sichomei waya moja kwa moja kwenye seli. Mwaka jana nilifanya hivyo, nikaikandamiza pasi ya kuchomea kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, seli ikaanza kufoka moshi. Niliirusha uani kwenye mchanga, nikasimama nikiangalia mikono yangu. Tangu hapo nakata vishikio vya betri kwenye tochi mbovu, seli inaingia na kutoka bila moto.

Hesabu ya taa moja ni hii. Vitaa vitatu, kila kimoja kinakula miliampia 20, jumla 60. Usiku wa saa 12 ni miliampia-saa 720. Seli iliyozeeka lakini nzima inashika 1,000 hivi, kwa hiyo inabaki na akiba. Paneli ya kutoka kwenye taa ndogo ya sola iliyovunjika inatoa kama miliampia 180 jua likiwa zuri. Saa tano za jua la kweli zinarudisha 900. Hesabu inakaa, ila haina nafasi ya uvivu. Paneli ikiwa na vumbi au nusu yake ikiwa kivulini, taa inalala mapema.

Katikati ya paneli na seli naweka kisaketi cha kuchajia, kinachokata umeme seli ikifika 4.2. Hicho sikitafuti chakavu, nanunua kipya.

Saa 4:15 asubuhi

Katika taa kumi na mbili, tano sikuzitengeneza, nimezifufua. Ni zile za bustani za kiwandani, za plastiki, za kuchomeka ardhini, zilizotupwa nyumba moja ya wageni. Mwenye nyumba aliniambia zimekufa zote. Ndani ya kila moja kuna betri ndogo ya volti 1.2 ya kuchajika, na betri hiyo ndiyo iliyokufa, basi. Chipu yenye miguu minne inayonyanyua umeme hadi kuwasha LED ilikuwa nzima katika zote tano.

Ya mwisho nayo ilikesha jana, ila leo namalizia kuisafisha. Springi ya betri ina ukoga wa kijani. Nasugua kwa ndimu, nafuta, napitisha msasa mpaka chuma king'ae. Uso wa paneli umekuwa na ukungu mweupe wa jua la miaka, kama jicho lenye mtoto wa jicho; nausugua kwa dawa ya mswaki na kitambaa, duara dogo dogo, dakika kumi, kisha napaka vanishi ya maji-maji isiyo na rangi. Naupeleka juani. Mita inapanda. Hapo huwa natabasamu peke yangu benchini.

Angalizo moja kwa anayetaka kujaribu nyumbani: usiweke betri ya kawaida ya redio mle. Haijaumbwa kuchajiwa, itavuja na kuua chipu.

Saa 5:30 asubuhi

Mpwa wangu amefika, hana shule leo. Yeye ndiye msanii wa makopo ninayovisha taa zangu, mimi mkono wangu haumfikii.

Kopo la maziwa ya unga ukilipiga msumari likiwa tupu linabonyea. Analijaza mchanga wenye unyevu, anaushindilia kwa mchi hadi kopo liwe zito kama jiwe, anafunga karatasi yenye mchoro kwa uzi. Leo amechora migebuka, samaki wetu mwembamba, watatu wakifuatana kuzunguka kopo. Anaweka ncha ya msumari, pigo moja, anasogea nusu kidole, pigo moja. Ta. Ta. Ta. Kwenye jicho la samaki anabadilisha, anachukua msumari mnene. Halafu anamwaga mchanga, anageuza kopo kuelekea jua na kuchungulia ndani, na uso wake unajaa vidoti vya mwanga.

"Mkubwa, mkia umepinda."

"Samaki akiogelea mkia si unapinda?"

Ameridhika. Tumepaka rangi nyeusi ya mafuta nje, ndani tumeacha bati ling'ae lirudishe mwanga. Chini kabisa anatoboa tundu moja dogo la kupumulia. Ukiziba kila upande, joto la mchana na baridi ya usiku vinatengeneza jasho ndani na kutu inaanzia hapo. Juu pazibwe, chini papumue.

Saa 7:00 mchana

Ugali na dagaa wa nyanya. Jua liko juu kabisa sasa. Kwetu kilele chake ni saa saba, si saa sita.

Saa 9:20 alasiri

Bajaji hadi Bangwe, taa zimefungwa kwenye khanga mbili ndani ya tenga. Mama mteja anauza chakula cha jioni chini ya miembe, meza sita, ziwa mbele. Tatizo lake ni njia ya kutoka getini hadi mezani. Ina ngazi tatu za mawe, na mwezi uliopita mzee mmoja alianguka hapo.

"Karibu fundi. Nilidhani utaleta nguzo."

"Nguzo ya nini, Mama? Hizi zinaishia gotini."

Zimekwenda kwenye vipande vya nondo, urefu wa goti, hatua tatu kutoka moja hadi nyingine, zikipishana kushoto na kulia. Kwenye ngazi nimeweka taa mbili, moja kila upande, mwanga ukiangukia ukingo wa jiwe. Hapo ndipo nimekaa muda mrefu kuliko kote, nikipanda na kushuka kama mgeni asiyejua njia.

Paneli nazielekeza kaskazini, zimeinama kidogo tu. Tuko karibu nyuzi tano kusini mwa ikweta, hata ukiilaza kabisa hupotezi kitu kikubwa, lakini paneli iliyolala inashika vumbi na kinyesi cha ndege. Ikiinama, mvua ya kwanza inaiosha.

Zote nimeweka vitaa vya njano. Mama aliuliza kwa nini si vyeupe. Kwa sababu mvua zikianza kumbikumbi watatoka, na mwanga mweupe wenye ubuluu unawavuta wadudu zaidi kuliko wa njano. Hakuna anayetaka kumbikumbi kwenye mchuzi ambao hakuuagiza.

Aliuliza pia zitadumu muda gani. Nimemwambia kama lilivyo: zile tano za plastiki zitataka betri mpya baada ya mwaka mmoja au miwili; makopo yatataka rangi kila baada ya masika; seli za zamani siwezi kuziapia, ila ikifa nabadilisha na hatulipani kwa mwaka wa kwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nikae nile.

Saa 1:05 usiku

Jua limezama nyuma ya milima ya Kongo, ziwa limekuwa rangi ya mawese. Tumesimama mimi, Mama na wasichana wake wawili wa jikoni.

Hakuna swichi. Paneli yenyewe ndiyo jicho: umeme wake ukishuka, kwenye taa zangu transista moja inaachilia umeme wa seli uende kwenye vitaa, kwenye zile za plastiki ni chipu. Kwa hiyo haziwaki pamoja. Ya kwanza imewaka iliyo chini ya mwembe mkubwa, halafu jirani yake, halafu mbili za ngazi kwa mpigo. Mmoja wa wasichana amepiga kigelegele. Migebuka wa mpwa wangu wametokea ukutani, wakubwa, mikia imepinda.

Namba 7 haijawaka.

Nimesubiri dakika kumi. Giza limeingia kabisa, mwezi umechomoza mashariki juu ya vilima. Mama akauliza kama mwezi ndio unaoidanganya. Hapana, mbalamwezi ni dhaifu mno kwa paneli. Nimeifunika kwa kiganja, ikawaka. Nimetoa kiganja, ikazima. Nikainua macho: taa ya ukuta wa jirani, balbu kubwa nyeupe, inamulika moja kwa moja juu yake. Namba 7 inaamini bado ni mchana.

Nimeizungusha paneli ikaupa ukuta kisogo, nikakata kipande cha kopo na kukikunja kama ukingo wa kofia upande huo. Imewaka, ikatulia. Itapoteza jua kidogo la asubuhi, kwa hiyo nitarudi Jumatatu alfajiri kuona kama inafika saa moja.

Wateja wa kwanza wameingia, mume na mke na bibi mzee. Bibi amefika kwenye ngazi, akatazama chini, akaweka mguu, akashuka. Hakusema chochote kuhusu taa. Alikuwa anasimulia habari za harusi na hakukatiza sentensi yake.

Saa 3:30 usiku

Nyumbani. Ziwani leo hakuna hata taa moja ya mvuvi. Nimechukua zile sahani tatu nusunusu za Kibirizi na kuanza kutenga vitaa vinavyowaka. Kwenye daftari: namba 7, kivuli cha bati upande wa jirani, kukagua Jumatatu. Namba 9, seli mpya, iliwaka saa 1:22.