Injini Ilitangulia, Ndege Ikafuata

Injini ilinifikia kabla ya ndege. Jamaa mmoja aliyekuwa akihama Nairobi aliniuzia DLE-20, injini ya petroli ya cc 20 iliyotumika kidogo, ikiwa bado na kijitabu chake na kisanduku chake cha cheche. Kwa miezi miwili ilikaa juu ya meza yangu nikiitafutia ndege ya mfano, ile ndogo inayoongozwa kwa redio, ya kuifungia. Wengi huanza na ndege ndipo wakatafuta injini. Mimi nilianza mwisho, na mara ya kwanza nilikosea.

Niseme kwanza kwa nini nilitaka petroli. Injini nyingi ndogo za ndege za mfano hutumia mchanganyiko wa methanoli, oili na nitromethani kidogo, ambao hapa kwetu haupatikani kwa urahisi, na kuuagiza kutoka ng'ambo ni taabu kwa sababu husafirishwa kama shehena ya hatari. Petroli ipo kila kituo. Kwa uwiano wa 30 kwa 1, lita moja inahitaji mililita 33 tu za oili ya injini za mipigo miwili, na oili hiyo naipata kwenye duka la misumeno ya mnyororo. Kabureta yenyewe ni ya jamii ile ile inayofungwa kwenye misumeno hiyo, kwa hiyo kiwambo chake kikikauka siagizi kitu Marekani wala China. Namwendea fundi wa misumeno, ambaye hadi leo haamini kwamba mashine ninayomweleza huruka.

Urahisi huo una uzito wake, na hapa nasema uzito wa mizani. DLE-20 ni gramu 650 bila vifaa vyake. Ongeza eksozi gramu 50, kisanduku cha cheche gramu 120, kisha betri ya cheche na swichi ya kuzimia, na unakaribia gramu 920 kabla hujagusa propela. Injini ya methanoli ya cc 10, ile inayopendekezwa kwa ndege nyingi za kati, huwa karibu gramu 650 pamoja na eksozi yake. Isitoshe, kwa ujazo ule ule methanoli hutoa nguvu zaidi kuliko petroli, hivyo cc 20 za petroli hazimaanishi nguvu maradufu ya cc 10 za methanoli. Namba iliyoandikwa kwenye boksi inakudanganya mara mbili: inakuahidi nguvu kuliko iliyopo, na inakuficha uzito uliopo.

Mimi nilidanganyika. Nilinunua ndege ya mtumba yenye bawa la chini, upana wa mita 1.6, iliyotengenezwa kwa cc 10, nikijiambia kwamba nguvu ya ziada haijawahi kumuumiza mtu. Gramu 270 zilizozidi zilikaa sentimita 30 mbele ya mahali ambapo ndege inapaswa kulala sawa ikiinuliwa kwa vidole viwili. Mkia ulikuwa sentimita 75 nyuma ya mahali hapo, kwa hiyo nilihitaji gramu 108 za madini ya risasi mkiani ili mizani irudi. Nikaongeza plaiwudi kwenye ukuta wa mbele unaobeba injini, nikaongeza tangi kubwa zaidi, na ndege iliyokuwa kilo 3.4 ikafika kilo 4. Bawa halikuongezeka hata sentimita. Kila desimita ya mraba sasa ilibeba gramu 89 badala ya 75, na kwa hesabu yangu, katika hewa nyepesi ya nyanda zetu za juu, bawa lile lisingeweza kuibeba ndege chini ya takribani kilomita 42 kwa saa.

Hata hivyo, kilichoniaibisha ni miguu. Injini ya cc 20 hupenda propela kubwa, na niliyofunga ilikuwa ya inchi 16, yaani sentimita 40.6 kutoka ncha hadi ncha. Ndege ile ilisimama juu ya magurudumu matatu mafupi, moja likiwa chini ya pua, na kati ya ncha ya propela na ardhi hakukubaki hata upana wa vidole viwili. Iliruka, ikazunguka, ikatua vizuri kabisa, kisha gurudumu la mbele likazama kwenye shimo la fuko na ndege ikapiga magoti. Propela ilichimba udongo, injini ikazima, na ukuta wa mbele ukang'oka pamoja na injini yake, ukabaki unaning'inia kwa nyaya za cheche na mpira wa mafuta. Mwenye shamba aliuliza kama ndivyo inavyozimwa.

Baada ya hapo niliacha kuuliza ndege gani inaweza kubeba injini yangu, nikauliza propela yangu inataka ndege ya namna gani. Propela ya inchi 16 kwa 8 ingesonga mbele inchi 8 kwa kila mzunguko kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika hiyo ni kama kilomita 97 kwa saa. Ya inchi 17 kwa 6, kwa mizunguko hiyo hiyo, ni kilomita 73 tu kwa saa, ila inasukuma hewa nyingi zaidi kwa utaratibu, kama punda wa mkokoteni. Huko ndiko injini ndogo ya petroli inakofanya kazi vizuri: propela ndefu, kasi ya wastani, mvuto mwingi. Ndege inayoifaa basi ni yenye bawa pana na nene, miguu mirefu, na ikiwezekana gurudumu dogo mkiani badala ya puani, ili pua isimame juu.

Nilivutwa sana na mfano wa Piper Cub, ndege ndogo ya Kimarekani. Cub halisi ya J-3 ina bawa la mita 10.74, hivyo mfano wa moja kwa tano una mita 2.15, kipimo kinacholingana na cc 20 bila kulazimisha. Tena pua ya Cub ni fupi, na waundaji wengi hulazimika kujaza risasi mbele ili isikae mkiani. Kwa mtu mwenye injini nzito, risasi hiyo ameshainunua kwa umbo la silinda. Ndege nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia zina pua fupi vilevile na husamehe uzito wa mbele kwa namna hiyo. Za povu sikuzifikiria hata kidogo. Silinda moja ya petroli hutetemesha kila kitu, na povu iliyokusudiwa mota ya umeme haikuombwa kuvumilia hilo.

Mwishowe nilichukua Telemaster Senior, muundo wa Kijerumani wenye bawa la juu la mita 2.39 na eneo la karibu desimita za mraba 86. Si nzuri kwa sura. Inafanana na kabati lililoota mabawa. Ikiwa na injini, betri zote na tangi tupu, ilipima kilo 5.4, yaani gramu 63 kwa desimita ya mraba, na kasi yake ya chini kabisa hupungua hadi karibu kilomita 35 kwa saa. Kuna jambo moja la kuangalia: mkia wake nao umeundwa kuinua, kwa hiyo mahali pa mizani pako nyuma kuliko kwenye ndege nyingi, na pua nzito huonekana upesi. Sikuweka risasi safari hii. Nilihamishia servo mbili za mkia, yaani vijimota vinavyousogeza, nyuma kabisa, na betri ya risiva, kipokezi cha redio, nyuma ya bawa, mbali na kisanduku cha cheche, jambo ambalo redio pia hulipenda kwa kuwa cheche huivuruga. Mipira ya silikoni iliyokuja na tangi niliitupa, kwa sababu petroli huivimbisha na kuilainisha. Weka inayostahimili petroli tangu siku ya kwanza.

Suala la mwinuko ni letu sisi wa bara. Shamba ninakorushia liko kama mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Injini hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho, na bawa huhitaji kasi ya asilimia 8 zaidi kuinua uzito ule ule. Usitegemee mlio wa injini, maana propela nayo huzunguka kwa wepesi katika hewa nyepesi na mlio unabaki mtamu huku mvuto umepungua. Ndiyo maana, nikisoma kwamba ndege fulani inatosheka na injini yangu, huwa napunguza nusu kilo kichwani kabla ya kuamini.

Desemba nitaishusha Malindi kwa shemeji yangu, ambaye ana uwanja mkubwa wa mchanga mgumu na maswali mengi. Nimeshaandika kwa kalamu ndani ya mlango wa tangi: hewa ya pwani ni nzito, fungua sindano ya kabureta ya mwendo wa juu thumuni ya mzunguko ili petroli iongezeke, ndipo uwashe. Ile ndege ya kwanza nimeifungia mota ya umeme, na miguu yake mifupi haina shida tena.