Gunia la Kilo Moja

Mvua ya Jumanne ilipokaribia kutuingilia sebuleni, Baba Kadogo alileta magunia sita ya mchanga kwa mkokoteni, akayapanga mlangoni. Kadogo akajaribu kuinua moja. Likamshinda. Akachuchumaa, akajaribu tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akanigeukia: "Mama, mbona hili halitoki hapa, na lile lako la stoo nalibeba kwa mkono mmoja?"

Nikamwambia lile ni la maonyesho tu. Hakuridhika, na mimi sikuridhika. Alipolala nilikwenda stoo nikalitoa, nikakaa nalo mapajani. Kwa mbali bado linanuka kahawa mbichi, na wekundu wake bado unabaki viganjani.

Ilikuwa Agosti 2014, miaka mia moja tangu Vita vya Kwanza vya Dunia vianze. Ukumbi mmoja hapa mjini Nairobi ulitaka kuonyesha vita vile jinsi vilivyopiganwa kwetu, upande wa Taveta, nami nikapewa kazi ya ukuta: magunia 120, kimo cha kifua, mfano wa ngome ya Maktau, pale ambapo Waingereza walipiga kambi walipokuwa wakitandaza reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea mpaka wa koloni la Wajerumani, Tanzania ya leo. Gunia la vita la Waingereza lilikuwa na urefu wa inchi 33 na upana wa inchi 14. Likishajazwa mchanga, lina kilo 18 hivi. Zidisha mara 120 na umepita tani mbili, na ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofani, sakafu ya mbao kuukuu inayolia hata ukipita na ndoo ya maji. Ilikuwa lazima yawe mepesi.

Nilianza vibaya. Nilinunua mabaki ya sponji kwa washona magodoro, nikajaza, nikafunga, nikapanga. Yalikaa kama mito ya sofa, yamevimba, hayalaliani. Jicho halidanganyiki kuhusu uzito. Kitu kizito hulala. Hujibana na cha chini yake, pembe zake hushuka, tumbo lake huingia kwenye nafasi iliyoachwa na jirani zake wawili. Yangu yalikuwa yamekaa juu juu kama kuku wageni.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Gikomba aliyekuwa akiniuzia magunia ya kahawa yaliyotumika. Nilimpelekea moja nililolishona, akalibonyeza, akaniambia, "Binti yangu, gunia likijaa pomoni halikai. Liachie nafasi ya kukaa." Baadaye niligundua kwamba askari nao walifanya hivyo hivyo: walijaza robo tatu tu, wakafunga mdomo, wakaukunja chini ya gunia, kisha wakalipiga kwa sepetu mpaka likawa bapa kama tofali. Na waliyapanga kama matofali hasa, moja limelala kwa urefu, jingine limetanguliza kitako, mshono na mdomo vikigeuzwa ndani ya ukuta.

Basi nikaanza upya. Gunia moja la kahawa lilinipa mifuko miwili. Maandishi niliyageuza ndani. Uzi wa katani niliununua Kariokor, kwa wanawake wanaosuka vyondo, nikashona kwa shazia mpaka vidole vikaota sugu. Ndani niliweka katoni iliyolazwa, juu yake sponji iliyokatwakatwa, robo tatu na si zaidi, na konzi mbili za mchanga kwenye pembe ili zishuke zenyewe. Hiyo konzi ndiyo siri yote. Kisha nilipaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, nikayapanga yakiwa mabichi na nailoni katikati yasishikane, nikaweka ubao juu na mawe juu ya ubao, nikayaacha siku mbili. Nilipoondoa mawe, magunia yalibaki vile vile, yamebonyea kana kwamba mzigo bado uko juu yake. Rangi nilipata kwa udongo wa Voi ulioletwa kwa basi; niliukoroga na gundi kidogo, nikapaka kwa tambara, chini nikakoleza kama palipopata unyevu, juu nikaparuza kwa mswaki mkavu kama palipopigwa na jua.

Kila moja lilikuwa na kilo moja hivi. Ukuta ulipokamilika nilirudi nyuma hatua kumi, nikaona ngome. Nilijivunia sana, na sioni haya kusema hivyo.

Siku ya tatu ya maonyesho alikuja mzee mmoja peke yake, suti ya kijivu, bakora. Watu wengine walipita kwenye picha kwanza, yeye akaja moja kwa moja ukutani. Akasimama kitambo. Kisha akaegemeza bakora, akavua kofia, akaiweka juu ya gunia. Nilimwona akitanua miguu. Akainama taratibu, mgongo umenyooka, akashika gunia la mwisho kwenye safu ya juu kwa ncha zake mbili, akavuta pumzi.

Gunia likaruka. Lilimfika kidevuni, naye akayumba nyuma hatua mbili, nikawahi kumshika kiwiko. Mwili wake wote ulikuwa umejiandaa kwa mzigo ambao haukuwapo.

"Pole, mzee."

Hakujibu. Aliligeuza, akatazama mshono, akapitisha kidole. "Umeshona wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Umeshona vizuri." Akanyamaza. "Baba yangu walimchukua upagazi wa vita mwaka wa 1917. Alirudi. Bega hili lilikuwa na sugu, ngumu kama kwato. Sisi watoto tulikuwa tukiigusa akiwa amelala." Akalipima tena gunia mkononi. "Ndani mna nini?"

"Sponji, mzee. Na katoni."

"Sponji," akasema, polepole, kama mtu anayejifunza neno. Akalirudisha mahali pake, mshono ndani, akalikandamiza kwa viganja vyote viwili kana kwamba litakaa. Akachukua kofia na bakora, akaondoka bila kutazama picha hata moja.

Jioni ile niliomba ruhusa ya kuweka gunia moja la kweli pembeni, ili watu wajaribu kuliinua. Wakasema hapana, litaangukia mguu wa mtoto. Niliwaelewa. Ila nilikubali upesi mno, na hilo bado linanirudia. Mpagazi wa vita vile alikuwa akitwishwa kilo 25 hivi, si kwa kuinua mara moja bali kwa kutembea nazo kutwa, na maelfu kwa maelfu walikufa njiani, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Soko nililonunulia uzi, Kariokor, limerithi jina la kikosi chao, Carrier Corps, nami nilikuwa nimepatana bei pale wiki nzima bila kulifikiria. Kwenye sanamu ya Kenyatta Avenue wameandikwa kwa Kiswahili kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Nami nilikuwa nimefanya kazi ya miezi miwili kuhakikisha kwamba mikono ya mtu haitahisi chochote.

Sijui kama nilikosea. Ule ukuta halisi usingepanda ghorofani, na bila ukuta yule mzee asingeinama.

Asubuhi hii mvua ilikatika kidogo. Nililiweka lile gunia mlangoni kando ya yale ya Baba Kadogo, nikamwita Kadogo. Kwa macho hakuweza kuyatofautisha. Nikamfundisha kutanua miguu, tukashika lile zito yeye ncha hii na mimi ile, tukaliinua shibiri moja, labda mbili, tukalishusha. Alikaa chini akihema. Nikamsimulia habari za yule mzee na bega la baba yake.

"Aliitwa nani?" akauliza.

Sikumwuliza.