Mimba Inayofichwa

Habari ya binti wa miaka 15 kuwa mjamzito ikijulikana nyumbani, swali la kwanza huwa ni nani aliyempa mimba, na la pili ni watu watasema nini. Natamani tungeanza na jingine: mimba ina wiki ngapi, na je, amepimwa shinikizo la damu? Sidharau lile la kwanza, kwani mara nyingi jibu lake ni mtu mzima anayestahili kufikishwa mbele ya sheria, lakini mwili wa binti hausubiri kikao cha familia kimalizike.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wajawazito wa miaka 10 hadi 19 wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifafa cha mimba na maambukizi ya mji wa mimba kuliko wanawake wa miaka 20 hadi 24, na kwamba watoto wao huzaliwa njiti au wakiwa na uzito mdogo mara nyingi zaidi. Kifafa cha mimba kwa kawaida hutanguliwa na kupanda kwa shinikizo la damu baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo, dalili ambazo muuguzi huzigundua kwa vipimo vya dakika chache. Binti anayebana tumbo kwa nguo ili lisionekane hafiki kwa muuguzi huyo; kichwa kikimuuma na macho yakiingia ukungu, hudhani ni mawazo tu.

Kisha kuna nyonga ambayo bado haijakomaa. Kichwa cha mtoto kikikwama humo kwa siku moja au mbili bila upasuaji, hukandamiza nyama zilizo kati ya njia ya uzazi na kibofu hadi zikose damu na kufa, na tundu linalobaki huvujisha mkojo mchana na usiku. Hiyo ndiyo fistula. Mara nyingi mtoto huwa amekwisha kufariki, naye mama hutengwa kwa sababu ya harufu, ilhali wengi wangeweza kupona kwa upasuaji. Hapa sioni tena mpaka kati ya ugonjwa na aibu, kwa sababu aibu ndiyo iliyomchelewesha na aibu ndiyo inayomfungia ndani.

Wengine hutafuta kuitoa mimba kwa siri, mikononi mwa wasio na ujuzi, na huvuja damu hadi kufa wakiogopa kusema walichofanya. Kumwoza haraka nako hakuongezi damu mwilini wala hakupanui nyonga; mara nyingi kunamwondoa shuleni moja kwa moja. Naumia zaidi nikisikia kwamba aliyejikaza akaenda kliniki alikaripiwa mbele ya wajawazito wengine, asirudi tena.

Tangu mwaka 2016 shirika hilo linapendekeza mahudhurio manane ya kliniki, la kwanza kabla ya wiki ya 12 kumalizika, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Binti ambaye siri yake inafichuka katika wiki ya 29 amekwisha kukosa matatu. Yamebaki matano, na naomba mama, shangazi au dada yake amsindikize katika yote.