Mshipi wa kuvulia ndo umenikatia jibini sawasawa

Jamani leo nimekata sufuria zima la maziwa yaliyoganda ya jibini na vipande vyote vimelingana, siwezi kukaa kimya.

Kugandisha haikuwa shida. Maziwa nachukua kwa mama mmoja Naliendele, alfajiri kabisa maana joto la Mtwara mnalijua, nayapasha nyuzi 63 nusu saa (ukiyachemsha mpaka yafure hayagandi vizuri), yakipoa mpaka 32 naweka dawa ya kugandisha (renneti), dakika 45 yameshika. Shida ni kukata. Kisu kinashuka chini vizuri, unapiga mistari huku unapiga na huku, ila ule mkato wa kulala utaupataje ndani ya sufuria? Kuna dada akaniambia inamisha kisu mshazari, nikapata vingine kama kucha vingine kama ngumi. Mwingine akasema tumia ile waya ya kupigia mayai, wee, lita kumi nzima zikawa chenga tupu, maji yakatoka meupe kama maziwa, nikakamua kitambaa huku nalia. Halafu mtu anasema eti ukubwa hauna maana! Vidogo vinakauka vinakuwa mpira, vikubwa vinabaki na maji ndani, jibini hilohilo upande huu gumu upande ule limechacha.

Sasa shemeji yangu ni mvuvi, kanikuta nahangaika akasema "shem, si ukate kwa mshipi?" Tukaenda kwa fundi wa kuchomelea akatupindia fremu ya stili, upana wake nusu ya sufuria, hiyo nusu ndo siri yenyewe. Kwa tupa akachonga vialama kila sentimita moja na nusu, shemeji akafunga mshipi mwembamba mstari kwa mstari, kila fundo anakaza kwa meno, ukiugusa unalia kama zeze. Vyote haikufika elfu kumi na tano.

Naizamisha taratibu pembeni, mguu mmoja uwe katikati ya sufuria, naizungusha mara moja tu mpaka nilipoanzia. Matabaka yote yamekatika bila kuvurugika! Ndo nashusha kisu. Halafu usikoroge, acha dakika tano vikaze kwanza, mimi hapo nilikuwa na haraka sana zamani.

Leo maji yametoka manjano yenye ukijani, unaona mpaka chini, na vipande vimekaa kama dadu. Shemeji nimemwahidi kipande cha kwanza, kastahili.