Sukari niliyokwisha kunywa

Bahasha yenyewe ilikaa siku tatu juu ya friji. Nyeupe, nembo ya benki pembeni, imefanana kabisa na zile zinazokuja kila wiki kunipongeza kwamba nimekubaliwa kadi nyingine. Hapa Houston sanduku la barua ni jalala lenye kufuli. Nilikuwa naipeleka kwenye pipa, ila nilikuwa nimechelewa zamu, nikaisokomeza kwenye mkoba.

Nikaifungua kazini saa tisa usiku. Wazee tunaowatunza wamelala, mimi na dada mmoja wa Nakuru tunakunywa chai. Barua ya tarehe 4 Oktoba 2023. Inasema kuanzia 20 Novemba riba ya kadi yangu itatoka asilimia 20.49 kwenda 27.49, na kadi ambayo tangu 2019 haikuwa na ada ya mwaka sasa itakuwa nayo, dola 79. Mwishoni wananishukuru kwa kuwa mteja wao.

Sikuwa nimechelewa kulipa hata mwezi mmoja. Hilo ndilo lililonichoma. Deni lilikuwa dola 3,140, na sehemu kubwa yake ilikuwa nauli ya kwenda Muheza, Tanga, kumzika baba mwezi wa pili. Nikapiga hesabu ya haraka kichwani: asilimia saba juu ya nauli ya msiba. Nikakunja barua.

"Wee, usikunje," dada akaniambia. "Geuza nyuma. Mambo yako nyuma."

Kweli yalikuwa nyuma, kwa herufi za ukubwa wa punje za ulezi. Kwanza, riba mpya itahusu manunuzi yatakayofanywa zaidi ya siku 14 baada ya kupewa taarifa. Pili, naweza kuikataa ada ya mwaka kabla ya tarehe 20, lakini nikiikataa wataifunga kadi.

Nilisoma ile ya kwanza mara tatu, kisha nikaielewa ghafla, kwa sababu ya duka la Mpemba mtaani kwetu. Mama alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari la Mpemba: sukari nusu, mafuta kibaba, sabuni. Bei ya sukari ikipanda Jumatatu, Mpemba alikuwa na haki yote ya kukuuzia kwa bei mpya. Lakini hakuna siku alifungua daftari akaipandisha bei ya sukari ya wiki iliyopita, ile tuliyokwisha kuikoroga kwenye chai tukainywa. Angethubutu, mama angemsimamishia mtaa mzima pale barazani.

Marekani iliwachukua muda kufika alipokuwa Mpemba. Zamani benki zilikuwa zinapandisha riba hata juu ya deni la nyuma, na wengine walipandishiwa kwa sababu tu wamechelewa kulipa deni jingine kabisa, kwa mtu mwingine. Sheria iliyozuia hayo ni ya 2009, inaitwa CARD Act, Obama aliitia saini mwezi wa tano mwaka huo. Ndiyo inayowalazimisha watoe taarifa siku 45 kabla. Ndiyo pia inayosema deni la zamani libaki na masharti yake ya zamani, isipokuwa kwa mambo machache, kama ukipitisha siku 60 hujalipa. Riba inayofuata ile ya benki kuu haimo kwenye kinga hiyo. Ikipanda huko juu, na wewe unapanda nayo, bila barua.

Hapo ndipo kijana wa huduma kwa wateja alipojaribu kunipitishia. Nilipiga simu asubuhi, kabla sijalala, na hilo ni kosa, usimpigie benki simu ukiwa na usingizi. Akasema kwa sauti tamu kwamba si wao, ni benki kuu imepandisha riba. Nikamwambia benki kuu mara ya mwisho ilipandisha mwezi wa saba, na hilo nimeshaliona kwenye taarifa ya akaunti. Hii asilimia saba ni yenu. Akanyamaza kidogo, akaniweka kwenye muziki. Dakika kumi na tisa. Akarudi na zawadi: mwaka wa kwanza ada watanisamehe. Na mwaka wa pili? Akasema huo haumo kwenye kompyuta yake.

Uamuzi haukuwa rahisi kama ninavyousimulia sasa. Kufunga kadi kuna gharama yake. Kadi ile ilikuwa na kikomo cha dola 6,000, nyingine niliyonayo ni 1,500 tu, na huku kredi yako, yaani alama za kuaminika kwako kwenye mikopo, inapimwa pia kwa kiasi gani umetumia ukilinganisha na ulichoruhusiwa. Mume wangu alitaka tuilipe hiyo 79 yaishe. Lakini mimi niliona nikilipa mwaka huu, bahasha ya mwakani itakuja na 95. Na historia ya malipo mazuri haifutiki siku kadi inafungwa, inaweza kukaa kwenye kumbukumbu hadi miaka kumi. Tarehe 9 Novemba nikapiga tena, nikasema naikataa. Nikaomba namba ya kumbukumbu, nikaandika jina la aliyepokea, saa na dakika. Kisha nikatuma barua ya posta yenye maneno hayohayo, na risiti nikaibandika kwenye friji. Ukikataa hivyo hawaruhusiwi kukudai lote kwa mkupuo. Unaendelea kulipa mwezi kwa mwezi.

Nikadhani yamekwisha.

Taarifa ya Desemba ikaja. Sikuwa nimenunua hata pipi, na riba imeandikwa dola 71 na senti. Nikachukua kalamu: 3,140 mara asilimia 20.49, gawanya kwa 365, zidisha siku 30. Kama dola 53. Nikarudia kwa 27.49, ikanipa karibu 71 kamili. Walikuwa wamefungua daftari wakaipandisha bei ya sukari niliyokwisha kunywa.

Ni dola 18. Najua wengi wangeacha, na nahisi ndivyo na wao wanavyotegemea. Simu ya tatu ilinipa mtu aliyesema mfumo haukosei. Basi sikubishana. Niliingia kwenye tovuti ya CFPB, ofisi ya serikali kuu inayolinda watumiaji wa huduma za fedha, nikajaza malalamiko. Aya mbili tu: tarehe ya barua, tarehe ya kukataa, namba ya kumbukumbu, hesabu yangu mstari kwa mstari, na picha za karatasi zote. Kuhusu uchungu sikuandika neno. Kwa asiyependa kuandika Kiingereza, wana simu pia, na wanapokea kwa lugha zaidi ya 180.

Siku ya kumi na moja nikapigiwa na mama mmoja wa makao makuu ya benki, mwenye adabu zote ambazo sikuzipata kwenye zile simu tatu. Hitilafu, alisema. Wakarudisha dola 18 na senti zake, riba ikarudi 20.49. Nikamuuliza hitilafu hiyo imempata nani mwingine. Akasema hawezi kuzungumzia akaunti za wateja wengine.

Nililipa dola 190 kila mwezi. Agosti 2025 nikamaliza na 90 na kidogo, nikampigia mama kule Muheza kumwambia nauli ya msiba wa baba imekwisha kulipwa. Akauliza kama wale wa benki walikuwa Wapemba. Nikamwambia laiti.

Juzi nimeikuta bahasha nyingine, nyeupe, ya kadi ya mume wangu. Anasema ni tangazo. Nimeitoa kwenye pipa, ina majani ya chai, lakini inasomeka.