Chupa 26 za mafuta ya nyonyo

Mafuta yaliyotiririka kutoka ponti ya nyuma ya gari la baba, ile ambayo wenzetu wa Tanzania huiita difu, yalikuwa yanameta. Nilikuwa nimelala chali juu ya gunia, beseni likiwa karibu na sikio langu, nikadhani ni jua la saa nne linanichezea macho. Nikachovya kidole. Kikatoka na vumbi la manjano, laini kama poda ya mtoto mchanga. Watoto wa jirani, ambao kila Jumamosi walipanda ukutani kututazama kama watu wanaotazama mpira, wakaruka chini. Mmoja akapiga kelele: "Dhahabu! Bamepata dhahabu!" Hapa ni Lubumbashi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, mtoto wa hapa akiona kitu kinang'aa anatafuta kopo. Sijamaliza kutoka chini ya gari, wawili walikuwa wamekwisha kuleta la kwao.

Haikuwa dhahabu. Lilikuwa gurudumu la meno la gari letu, limesagika na kuwa unga.

Hiyo ilikuwa mwaka 2012, mwanzoni mwa mvua. Kilabu chetu kilikuwa na watu saba na magari matano, mawili kati yake yakitembea. Dokta alikuwa na Volkswagen Coccinelle. Metre, mwanasheria, alikuwa na Land Rover aliyoipenda kuliko wateja wake. Mimi, mwalimu wa sekondari, sikuwa na pesa ya kukaa na watu kama hao, ila nilikuwa na kitu walichokitamani wote: Peugeot 404 ya mwaka 1965, rangi ya maziwa, yenye giya kwenye usukani.

Baba aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1974, mkoa ukiitwa Shaba. Tulienda nayo Kipushi, Likasi, na mara moja hadi Kolwezi, watoto sita nyuma na kuku wawili miguuni. Mwaka 1991, pilaji, ule uporaji wa askari, ilipofika mjini, baba alifanya jambo ambalo mama alilicheka hadi alipofariki: usiku mmoja alitoa magurudumu yote manne, akaliweka gari juu ya matofali, akachomoa kifuniko cha delko, kile kinachogawa umeme kwenye plagi, akakifunga kwenye plastiki na kukizika ndani ya pipa la unga wa bukari. Askari waliingia kwenye parsele yetu, wakachukua redio, godoro na baiskeli. Gari waliliangalia, wakalipiga teke, wakaenda zao. Baada ya hapo baba hakulirudisha barabarani. Esanse, yaani petroli, ilikuwa ghali, kisha magonjwa yakaja, kisha akaondoka. Gari likabaki juu ya matofali miaka ishirini na moja, mwembe ukiliangushia majani.

Tulipoanza kulifufua, niseme ukweli, tulikuwa watu wa rangi. Tulibishana majuma matatu juu ya maziwa gani: maziwa ya kopo au maziwa ya ng'ombe. Dokta alikariri sifa za 404 kama mtu anayesoma zaburi: umbo lilichorwa na Pininfarina, injini ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa kwa pembe ya digrii 45, na gari hili lilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Yote ni kweli. Lakini hakuna aliyeinama kuangalia nyuma, mahali nguvu ya injini inapogeuka kona kwenda kwenye magurudumu.

Huko ndiko penye ponti. Kwenye magari mengi utakuta chuma kinasukuma chuma. Ndani ya 404 kama yetu kuna skrubu ndefu ya chuma kigumu inayozungusha gurudumu la bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Ni kazi ya kimyakimya, laini, lakini bronzi ina adabu zake, nasi hatukuzijua.

Upande wa pili wa barabara aliishi mzee tuliyemwita Papa Turneri, kwa kuwa alikereza vyuma miaka yote katika kampuni ya migodi, hadi mwaka 2003 aliposaini karatasi ya kuondoka kazini, yeye na wenzake zaidi ya 10,000. Mkewe aliuza makaa langoni. Yeye alikaa kwenye kigoda akitazama kwetu. Mwezi wa kwanza wa kazi yetu alikuja kutusalimia, Metre akamwambia kwa upole wa mahakamani kwamba hatuajiri wasaidizi. Mzee akasema haina neno, akarudi kwenye kigoda chake. Nilikuwepo. Sikusema kitu.

Siku ya ile dhahabu alivuka barabara bila kuitwa. Hakuangalia gari. Alichovya kidole kwenye beseni, akakinusa.

"Kiberiti," akasema.

Dokta alidhani anaomba moto wa sigara, akapapasa mifuko. Mzee akatikisa kichwa. Alimaanisha kiberiti chenyewe, salfa, harufu ambayo kila mtu aliyefanya kazi karibu na tanuri za hapa anaijua.

"Nani alitia hii mafuta?"

Nilikuwa mimi. Miezi miwili kabla, tulipoliwasha gari kwa mara ya kwanza na kuanza kulizungusha mtaani, nilikwenda sokoni nikanunua mafuta mazito kuliko yote dukani, yenye picha ya lori kubwa kwenye bidoni. Nililipa kwa mshahara wangu, kwa majivuno.

"Mafuta muzuri," mzee akasema. "Ya chuma na chuma. Banatiamo kiberiti ju ya kulinda meno. Lakini mukuba na kiberiti habapatane, mwalimu. Kinaukula."

Mukuba ni shaba. Baadaye alinituliza kwamba gurudumu lilikuwa limekwisha kuchoka tangu zamani za baba, mimi nimelisukuma tu lianguke. Sijui kama aliamini alichosema. Tulipofungua ponti, meno 21 yalikuwa yamekonda kama nyembe, meusi pembeni, yanang'aa katikati.

Tulitafuta jingine. Simu zilipigwa Likasi, Kolwezi, ng'ambo hadi Ndola, Zambia. Likasi tulipata ponti nzima ikishikilia banda la kuku. Tulipoifungua yakatoka maji yenye kutu na chura. Ulaya lilikuwepo, kwa bei ambayo Dokta aliisoma kwenye simu yake kisha akaizima simu. Metre akapendekeza tutie ponti ya Toyota. Nakiri nilikubali. Papa Turneri, ambaye sasa aliletewa kiti, aliuliza tu: "Na ile motoka itaitwa nani?"

Akasema atayeyusha bronzi na kulisubu gurudumu jipya.

Mtu mmoja alikuja na nyaya za shaba usiku, kilo kumi, bei ya kutupa. Mzee hakutaka hata kuzigusa. Nyaya za usiku mjini hapa zina mwenyewe, na mwenyewe ana polisi. Badala yake alitoa chini ya kitanda chake mfuko wa bushi chakavu za mashine, bronzi tupu, alizozikusanya kipande kwa kipande, na donge la bati la Manono lililofungwa kwenye soksi. Nilimwuliza alikuwa akiziweka kwa kazi gani. "Kwa hii," akajibu, kama vile aliambiwa zamani kwamba tutakuja.

Udongo wa kalibu, yaani umbo la kumiminia bronzi, tuliuchukua kwenye kichuguu. Aliyepita barabara ya Kasumbalesa anajua vichuguu vyetu, vingine vinashinda nyumba kwa urefu. Mzee alisema wazee wa Katanga, wale walioitwa wala shaba, walijenga tanuri zao kwa udongo huohuo, wakayeyusha jiwe la kijani kwa makaa na kusubu misalaba ya shaba iliyokuwa pesa kabla ya franga yoyote. Alisema hivyo akikanyaga udongo kwa miguu, suruali imekunjwa, bila kuifanya hotuba.

Kukausha kalibu ilikuwa kazi yangu. Siku nne kando ya moto, aliniambia, na usiku uifunike. Siku ya tatu jioni ilinyesha. Nikasogeza kalibu barazani, nikaigusa asubuhi, nikaiona kavu. Watu wote walikuwa wamekuja, Metre amechukua ruhusa mahakamani, makaa yanawaka, mvukuto unahema. Mzee akauliza: "Imekauka?" Nikasema ndiyo.

Bronzi ilipoingia, kalibu ikaguna. Ndiyo sauti iliyotoka, kama mtu aliyekalishwa kwenye kiti cha moto. Kisha ikatema. Tone moja lilitoboa suruali ya Metre na kumwachia kovu analolionyesha hadi leo kwa watu ambao hawajauliza. Tulipovunja udongo, gurudumu lilikuwa na matundu kama mkate. Maji kidogo tu yaliyobaki ndani yalikuwa yamegeuka mvuke na kupita katikati ya shaba.

Mzee alilizungusha mikononi. "Mulikuwa na haraka ya nini?" aliuliza, kwa wingi, ijapokuwa alijua ni nani. Kisha akalivunja kwa nyundo na kurudisha vipande kwenye chungu. Ndilo jambo zuri la bronzi, inakubali kuyeyuka tena.

Mara ya pili nililala barazani pamoja na kalibu. Mke wangu alileta blanketi mbili, moja yangu, moja ya udongo.

Safari hii ilitoka nzima. Meno yalichukua majuma sita, kwenye karakana ya shule ya ufundi ambako aliyekuwa mwanafunzi wake alikuwa mwalimu. Gurudumu la aina hii halikatwi meno kwa kisu cha kawaida. Meno yake yana tumbo, yanaikumbatia skrubu. Ilibidi kwanza akereze skrubu nyingine mfano wa ile ya gari, kutoka ekseli ya lori, aichonge mipasuo iwe na makali, aigumishe kwa moto, ndipo ikate bronzi. Jioni nilipokwenda kumchukua nilimkuta anapima kwa karatasi ya sigara, akiipitisha kati ya meno na skrubu, akisikiliza inavyochanika. Siku moja yote alitoa unene wa ile karatasi tu.

Yakabaki mafuta. Papa Turneri alisema magari haya, ujana wake, yalitiwa mafuta ya nyonyo huko nyuma, yaliyotengenezwa maalumu. Ya namna hiyo mjini hayapo. Ya nyonyo tupu yapo, ila famasi, kwenye chupa za mililita 60, kwa tumbo. Ponti inataka zaidi ya lita moja na nusu. Nilizunguka famasi nne. Kwenye ya tatu, binti aliyeuza alihesabu chupa tisa juu ya meza, akaniangalia kwa huruma.

"Papa, kwenu watu wangapi wamefunga choo?"

"Mmoja," nikasema. "Ni mkubwa."

Chupa 26. Tulizimimina moja moja, watoto wa ukutani wakihesabu kwa sauti.

Jumapili iliyofuata tulichukua barabara ya Kipushi, kilomita 30. Dokta alikuwa na usukani, kwa kura, na Metre mbele pembeni yake. Mimi nilikaa nyuma na Papa Turneri, aliyevaa koti la harusi. Bomba kubwa la moshi la kiwanda cha zamani likabaki nyuma yetu, na ule mlima mweusi wa takataka za tanuri, na ardhi nyekundu ikafunguka pande zote mbili. Dokta alianza tena habari za mwaka 1968. Mzee alimwomba anyamaze. Alikuwa ameweka sikio kwenye mgongo wa kiti, macho amefumba.

Katikati ya njia akagonga bega la Dokta. Tukasimama. Hakusema kwa nini. Alivua koti, akanipa, akalala chini kwenye changarawe na nguo zake nzuri, akaingia chini ya gari hadi kiunoni, akaweka kiganja juu ya ponti. Tuliona miguu yake tu. Gurudumu linalokaa vibaya huchemka, na ponti iliyochemka humfanya mtu aondoe mkono haraka. Metre akaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Alifika arobaini.

Mzee akatoka, akanusa kiganja, akakipangusa kwenye jani. Harufu ilitufikia sote, tamu na nzito, harufu ya zahanati ya utotoni.

"Ni joto ya chai," akasema.

Metre akateremka, akamfungulia mlango wa mbele na kumwonyesha kiti chake. Mzee alikiangalia, akachukua koti mkononi mwangu.

"Kule mbele sitasikia kintu," akasema, akarudi nyuma, akaweka sikio mahali pake.