Haldol na miguu isiyotulia: ninavyopima nafuu na madhara, Bukavu

Familia ninazofuatilia huku Kadutu na Bagira mara chache hukataa dawa ya skizofrenia (ugonjwa wa akili ambapo mtu husikia sauti zisizokuwepo) siku ya kwanza. Huikataa baadaye, sauti zimeanza kupungua, lakini kijana hakai: anazunguka uani toka asubuhi, akiketi anainuka. Wanasema ugonjwa umerudi, wanamuongezea kinini, yaani kidonge cha dawa hiyo. Mara nyingi ni haloperidoli (Haldol) yenyewe, na kuongeza kinini kunazidisha mateso.

Kutofautisha, ninamkalisha kwenye kiti, nyayo zote chini, dakika mbili. Kisha anasimama dakika mbili nyingine huku tukiongea habari za soko. Anayesumbuliwa na dawa anapishanisha miguu, anapiga hatua palepale, na ukimuuliza atakujibu: "Mwili ndio unanisukuma." Anayesukumwa na ugonjwa ana sababu yake: kuna anayemwita, kuna anayemfuata. Halafu ninauliza dozi iliongezwa lini. Kama miguu ilianza siku chache baadaye, dawa ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Maelezo hayo ninampelekea daktari. Anaweza kupunguza dozi (haloperidoli kwa kawaida huanza na 1.5 hadi 3 mg kwa siku), kubadilisha dawa, au kuongeza propranololi, ila si kwa mwenye pumu. Artane, dawa ya kutuliza madhara ya Haldol, inafaa shingo iliyopinda na mwili uliokakamaa. Kwa miguu hii msaada wake ni mdogo. Ikimezwa jioni inaweza kuzuia usingizi. Na mama wa nyumba aihifadhi yeye, maana kuna vijana wanaoitafuta ili walewe.

Nafuu siipimi kwa sauti kunyamaza kabisa. Ninauliza: zikimwambia atoke usiku, bado anazitii? Anaoga bila kusukumwa? Akitumwa chumvi anarudi na chenji? Fujo na kukosa usingizi hutulia mapema, lakini sauti na mashaka huhitaji wiki kadhaa, kwa hiyo dawa isihukumiwe siku ya tano.

Kuna mambo wagonjwa hawasemi wasipoulizwa. Risperidoni, dawa nyingine ya skizofrenia, inaweza kusimamisha hedhi na kutoa maziwa, na majirani wakaanza kuhesabu mimba. Wanaume huacha dawa kimyakimya kwa sababu ya kitandani. Muulize peke yake, si mbele ya baba yake. Olanzapini, nayo ya ugonjwa huohuo, huleta njaa, uzito na sukari. Largactil (klopromazini), nayo pia, huleta kizunguzungu, basi aketi kwanza kabla ya kusimama.

Wengine huruka dozi siku ambayo bugali haikupatikana. Haloperidoli inamezwa hata bila chakula.

Homa, mwili mgumu na kuchanganyikiwa vikija pamoja, acheni kinini na mpelekeni hospitali siku ileile. Malaria ipimwe hukohuko, na hata ikionekana kwenye damu, mwambieni daktari kwamba anameza Haldol, maana huenda dawa ndiyo chanzo.